Pole ya mwendo na pole ya msiba



Ukipita maduka ya vinyago karibu na Fort Jesus utaziona fulana zimetundikwa mlangoni, zimeandikwa "Pole Pole" kwa herufi kubwa. Mtalii hununua moja, akaivaa ufuoni siku tatu, kisha akapanda ndege kurudi kwenye pilikapilika zake. Hilo ni lake. Linalonikera ni kuwa na sisi wenyewe tumeanza kulitazama neno hili kwa macho ya mtalii. Twaliona ni starehe ya likizo, au ni ule uvivu wa watu wa Pwani ambao wenzetu wa bara hututania nao (na wengine hawatanii).

Hebu leo tulitazame neno lenyewe. Mtu akienda taratibu twasema anakwenda pole pole. Mtu akifiwa, akiugua, au hata akijikwaa kidole tu, twamwambia "pole". Na mtu mwenye tabia ya kusikiliza, asiye na maneno makali, twamwita mpole. Mwendo, huruma na tabia, vyote vitatu twavitaja kwa neno moja. Mimi si mtaalamu wa lugha, lakini nikilifikiri jambo hili naona wazee wetu walijua kitu ambacho watu wa saikolojia walikuja kukipima baadaye kwa karatasi na kalamu. Mwenye haraka hampi mtu pole, kwa sababu hamuoni.

Nilipokuwa nikisomea diploma ya ustawi wa jamii, zaidi ya miaka 20 sasa, mwalimu wetu alituhadithia utafiti mmoja ambao haujanitoka kichwani. Ulifanywa na Wamarekani wawili, John Darley na Daniel Batson, ukachapishwa mwaka 1973. Walichukua wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, vijana wanaosomea mambo ya dini yao. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya kisa cha Msamaria Mwema kilichoko katika Injili. Ni kile kisa cha mtu aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa kando ya njia, watu wawili wa dini wakampita, hadi akaja kusaidiwa na mtu wa watu wasiopendwa. Wengine walipewa mada ya kawaida tu, ya mambo ya kazi.

Ujanja wenyewe ulikuwa kwenye saa. Kuna walioambiwa muda bado upo, wende taratibu. Kuna walioambiwa wakati ndio huu. Na kuna walioambiwa: umeshachelewa, wanakungoja, fanya haraka. Sasa katika kile kichochoro cha kupitia, watafiti walikuwa wamemuweka mtu ameketi mlangoni, kichwa kimeinama, anakohoa na kuugulia.

Wale waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama wakatoa msaada. Wale wa katikati, asilimia 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10.

Na mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Wako waliokuwa wanakwenda kuhubiri habari za Msamaria Mwema, na wakamruka yule mgonjwa kwa hatua moja ili wawahi kuhubiri. Watu 40 si wengi, na Marekani ya wakati ule si Mombasa ya leo, kwa hivyo tusiibebe hesabu hii kama Aya. Lakini kuna jambo ndani yake lisilopuuzika. Vijana wale hawakuwa na roho mbaya. Watafiti walisema kuwa wengi wa waliompita walifika walikokwenda wakiwa na wasiwasi, nyuso haziko sawa. Haraka ilikuwa imeubana upeo wao, ukawa kama taa ya tochi inayomulika kitu kimoja tu mbele. Kilichokuwa pembeni, hata kama ni mtu anaugulia, kilibaki gizani.

Sasa nirudi kwetu, kwenye salamu.

"Sabalkheri."

"Sabalkheri bwana. U hali gani?"

"Njema, alhamdulillahi. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo wote."

"Na mama, ule mguu?"

"Mguu... afadhali kidogo. Lakini jana hakulala."

Mgeni akisikiliza atasema watu hawa wanapoteza wakati. Waulizana jambo moja mara tano! Lakini angalia vizuri namna ilivyoundwa. Kwa ada zetu, jibu la kwanza huwa ni jema siku zote. Ukiulizwa hali unajibu "njema", hata kama umeamka na dhiki ya dunia nzima, kwa sababu kwanza unamshukuru Mungu na pili humtwishi mtu mzigo wako pale pale mlangoni. Habari yenyewe haikai kwenye jibu la kwanza. Inakaa kwenye la nne au la tano, mtu akishaona kwamba anayemuuliza hana mguu mmoja njiani. Kwa hivyo ukiikata salamu baada ya swali la kwanza, hukuokoa dakika mbili tu. Umeondoka na "njema" ambayo haikuwa habari, na habari umeiacha mdomoni mwa mwenyewe.

Ndiyo maana salamu za siku hizi hazitupi kitu. "Mambo?" "Poa." "Sema?" "Fiti." Kwenye simu zimezidi kufupishwa hadi herufi nne, au kile kidole gumba cha manjano. Sisemi vijana hawana adabu. Wazee pia wanazo simu, tena baadhi yao ndio wasambazaji wakubwa wa zile picha za maua za "Jumaa Mubarak" kila Ijumaa asubuhi, watu 200 kwa mpigo mmoja. Nasema tu kuwa chombo kile kinabeba jibu la kwanza, na jibu la kwanza kwetu daima ni "njema".

Kina mama walikuwa na njia yao, na pengine ilikuwa na nguvu zaidi. Sahani iliyofunikwa kawa ikitoka nyumba hii kwenda nyumba ile, na sahani haikurudishwa tupu. Mtoto akitumwa kupeleka alirudi na maswali ya kujibu: Umemkuta nani? Alikuwa amelala au amekaa? Mlango alikufungulia mwenyewe? Mamangu alikuwa akiniuliza hivyo nami nikiona ni udaku. Leo nikiwa mtu mzima naona ile ilikuwa zamu ya kupitia wagonjwa, haina karatasi wala mshahara.

Miaka michache iliyopita, katika mtaa wetu huku upande wa Kisauni, kulikuwa na mzee mstaafu wa bandarini. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Watoto wake wawili wako ng'ambo, mmoja Dubai na mwengine Uingereza, na kwa haki ya Mungu walimtumia pesa kila mwezi bila kukosa. Alikaa ghorofa ya pili katika jengo lenye nyumba 12 na ngazi moja. Siku moja akawa haonekani. Watu wakapanda na kushuka mbele ya mlango wake siku mbili na zaidi, asubuhi wakienda kazini, usiku wakirudi. Pesa zake ziliingia kwenye simu kama kawaida. Simu ilikuwa sebuleni, na yeye alikuwa ameanguka chooni, nyonga imevunjika, sauti imemkauka kwa kuita.

Aliyeuliza alikuwa muuza kahawa.

Muuza kahawa, kama hujapata kumfikiria, ndiye mtu pekee mtaani ambaye kazi yake haimruhusu kwenda mbio. Mkono mmoja una dele juu ya makaa, mkono mwengine vikombe anavigonganisha. Akikimbia, kahawa inamwagika na makaa yanamuunguza. Kwa hivyo anakwenda kwa mwendo wa kuona watu. Alijua nani hunywa viwili, nani hunywa kwa deni, nani huchukua kashata. Siku ya pili bila ya kumuona mzee alinyamaza. Siku ya tatu aliliweka dele chini penye baraza ya duka, akawaambia waliokuwapo: "Yule mzee wa juu hajanywa kahawa tangu juzi. Kasafiri?" Hakuna aliyejua. Basi wakapanda, wakabisha, wakasikia kitu kama mtu anayekwaruza mlango.

Mzee alifanyiwa upasuaji, akaishi miezi minane mingine, kisha akafariki. Mungu amrehemu. Mwanawe wa Dubai aliwahi kufika. Na yule jirani wa mlango wa pili, ambaye watu walimlaumu sana, mimi simlaumu hivyo. Ni mtu wa kheri. Hutoka saa 11 alfajiri kushika matatu kabla ya foleni ya daraja la Nyali na hurudi saa 3 usiku. Akiitazama ngazi, anaona ngazi. Ni wale vijana wa Princeton, isipokuwa yeye huambiwa kila siku kuwa amechelewa.

Hapa ndipo watu huniambia: haya, bwana mwandishi, maneno yako mazuri, lakini tule nini? Mama anayefanya kazi kiwanda cha nguo, akichelewa robo saa anakatwa. Kijana wa bodaboda, akienda pole abiria anapanda ya mwenzake. Kupunguza mwendo ni mambo ya walioshiba.

Hoja hii ina uzito na sitaki kuipita juu juu. Haraka ya riziki ipo, na anayeikimbilia hastahili mahubiri. Hata dini haikusema kila kitu kiende taratibu. Wanazuoni wa kale waliyataja mambo yanayostahili kuharakishwa: kumlisha mgeni akifika, kumzika maiti, kulipa deni muda wake ukifika, kumuoza binti aliyefikia, na kutubia dhambi. Tazama orodha hiyo kisha ututazame sisi. Mgeni tunamwambia apige simu kwanza. Deni, lo, deni tunalipeleka pole pole kuliko kobe! Tumechagua kukimbia penye kutaka utulivu na kutulia penye kutaka mbio.

Lakini nina swali kwa mwenye hoja ile. Nenda kivuko cha Likoni saa 12 jioni. Pale hapana haraka inayosaidia. Uwe na suti au uwe na mkokoteni, feri haiendi mbele kwa ajili yako. Utangoja getini, utangoja ndani, na maji utayavuka kwa mwendo wa feri. Kwa hivyo wakati upo, tena upo kwa lazima. Tunaufanyia nini? Vichwa vimeinama, masikio yamezibwa, vidole vinasukuma kioo. Kuna watu wamevuka pamoja miaka kumi, kituo kimoja, saa moja, na mmoja akifa mwenzake hatajua. Basi tatizo si dakika tu. Mwendo wa nje umesimama, wa ndani ungali mbioni.

Huo mwendo wa ndani nao umepimwa. Gloria Mark, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, amekuwa kwa miaka mingi akihesabu muda ambao watu wanaofanya kazi kwenye skrini hukaa na kitu kimoja kabla ya kurukia kingine. Mwaka 2004 ilikuwa kama dakika mbili na nusu. Katika miaka ya karibuni imeshuka hadi wastani wa sekunde 47. Katika utafiti mwengine wa mwaka 2008, yeye na wenzake waligundua kuwa watu wanaokatizwa kazi hujifidia kwa kwenda mbio zaidi, na kweli wanamaliza mapema, lakini roho zao hubanwa na kuchoka zaidi. Kwa hivyo mtu anaweza kuwahi kila kitu na bado akalala akihisi kachelewa. Sekunde 47, ndugu yangu. Salamu ile niliyoiandika hapo juu, ukiisema kwa utuo wake, utafika kwa mama na mguu wake na sekunde zimekwisha.

Wazee wetu hawakutegemea kila mtu awe na hekima ya kujizuia. Hilo ndilo ninaloliona kubwa katika mpango wao. Waliiwekea siku vituo. Tazama hata hesabu yetu ya saa: saa moja ni jua limeshatoka, saa 12 ni jua linazama, kwa hivyo saa yenyewe inafuata mwangaza. Na siku ya Mwislamu inaanza magharibi. "Usiku wa Ijumaa" kwetu ni ule unaoitangulia Ijumaa, si ule unaoifuata. Maana yake siku inaanza kwa kula, kukaa na watu na kulala, ndipo kazi ifuate. Kisha ndani ya siku kuna adhana tano, na kila moja inakukuta katikati ya jambo. Mji wa Kale na Lamu maduka yalifungwa adhuhuri, yakafunguliwa baada ya alasiri, na wako wanaofanya hivyo hadi leo. Mtu hakuhitaji kuamua kupumzika. Mji ulimuamulia.

Na kituo chenyewe hakiendewi mbio. Katika Bukhari na Muslim yako mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba mkisikia ikama msije mkikimbia. Njooni kwa kutembea, mkiwa na utulivu, mtakachokidiriki mkiswali na kilichowapita mkikamilishe. Mimi hushangaa kila nikilifikiri hili. Kama kuna jambo ambalo mtu angeruhusiwa kulikimbilia ni swala ya jamaa, nalo ndilo tulilokatazwa kulikimbilia. Sasa nenda msikiti wowote wa mjini Ijumaa, uone viatu vinavyoruka ngazini imamu akishatoa salamu. Imamu hajageuka, nusu ya safu iko barabarani. Zamani watu walitoka na kusimama pale nje, wakapeana mikono, na ndipo wakijua fulani hakuja leo.

Kituo kingine kilijengwa kwa mawe. Nyumba za kale za Lamu zina daka, ule ukumbi wa mlangoni wenye viti vya kujengewa huku na huku. Mombasa tuna baraza zilizoshikana na ukuta wa nyumba. Fikiri maana yake: mwenye nyumba alitoa chokaa na mawe yake akajenga mahali pa kukaa mtu asiye wa nyumba hiyo. Aliyechoka anakaa, mpita njia anakaa, mzee akiwa anatoka msikitini miguu inamuuma anakaa. Vichochoro navyo vyembamba, huwezi kumpita mtu bila ya bega lako kumjua. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa sababu, pamoja na mengine, watu wangali wanaishi ndani yake kwa mila zao. Leo pikipiki zimefika kisiwani, na huku kwetu tunajenga ghorofa zenye geti la chuma, kamera, na ngazi nyembamba isiyo na pa kuweka hata ndoo. Hakuna mahali katika jengo zima ambapo jirani anaweza kukutana na jirani akiwa ameketi.

Msije mkadhani naitukuza baraza kupita kiasi. Baraza ilikuwa na umbea wake, na kuna ndoa zilizovunjwa pale. Wanawake hawakukaribishwa. Na siku hizi ukimwambia mzazi kijana wake anakaa barazani, atashika kichwa, kwani picha inayomjia ni karatasi ya muguka na vijana macho mekundu kuanzia asubuhi. Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha utekelezaji, na vijana wangali pale pale. Kukaa si kutulia. Mtu anaweza kukaa kutwa asione anayepita.

Jambo hili nalo si jipya. Mtume (S.A.W.) aliwaonya masahaba wasikae njiani. Wakamwambia hatuna budi, hapo ndipo tunapozungumzia mambo yetu. Hakuwakatalia. Aliwaambia kama hamna budi basi ipeni njia haki yake, na alipoulizwa haki hiyo ni ipi akataja kuinamisha macho, kutomuudhi mpita njia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Ukiyasoma kwa utaratibu utaona kuwa baraza imepewa kazi. Mwenye kukaa pale ni mlinzi wa wapitao. Anatakiwa awaone bila ya kuwachungulia, na hilo lataka mtu aliyetulia.

Nimeulizwa na watu wawili watatu wa mtaani tufanye nini, maana kulia na zamani ni rahisi. Sina dawa kubwa. Watoto wakirudi skuli tumewarudishia kazi ya sahani: kila Alhamisi kuna nyumba mbili za wazee wanaoishi peke yao zinazopelekewa chakula, na mtoto harudi mpaka amekaa akaulizwa habari zake. Chakula chenyewe wengi wao hawakihitaji sana. Wanachotaka ni lile swali la tano. Mwanzoni watoto walikuwa wakiliacha bakuli mlangoni na kukimbia kama wapelekaji wa pikipiki. Sasa kuna bibi mmoja anamfundisha binti yangu kusuka ukili, na wiki iliyopita alirudi saa 2 usiku, mamake ameshaanza kuwa na wasiwasi.

La pili ni baraza yenyewe. Penye duka lile ambapo muuza kahawa aliliweka dele, mwenye duka ametukubalia tujenge kiti cha saruji cha urefu wa hatua nne. Tumechanga mifuko mitatu ya saruji na fundi amejitolea siku moja. Ugomvi uliobaki ni wa kivuli, kwani jua la alasiri linapiga pale moja kwa moja. Kina mama nao wamesema, na wana haki, kuwa hawachangi hata shilingi mpaka waambiwe chao kitajengwa wapi. Wamependekeza ule uwanja mdogo nyuma ya madrasa, karibu na mwarobaini.

Na kuna tajiri anayejenga ghorofa ya orofa sita mwisho wa mtaa. Tulimwendea watu watano baada ya swala ya isha kumuomba aache nafasi kidogo pale chini, baina ya geti na ngazi, ya kuweka viti viwili vya kujengewa. Alitupokea vizuri, akatupa chai, akauliza hali za majumbani kwetu mmoja mmoja. Akasema pale ameshapangia gari moja la kuegesha, lakini ataitazama ramani tena na fundi wake. Jumamosi hii ndiyo tunarudi.